Ala za Muziki na Koo Zake

Ndugu zangu mliosoma hapa, nanyi wadogo zetu mliopo madarasani hivi sasa, nimeombwa niandike habari za historia. Nitaanza na picha iliyobandikwa ukutani tulipokuwa Kidato cha Pili.

Picha hiyo ilionyesha okestra ya Ulaya. Ala zake ziligawanywa katika koo nne: za nyuzi, za mbao za kupuliza, za shaba za kupuliza, na za kupigwa. Ndiyo mgawanyo ambao mtunzi Mwingereza Benjamin Britten aliwaeleza watoto kwa muziki wake uliopigwa mara ya kwanza mwaka 1946. Ngoma zilikaa nyuma kabisa. Mwalimu alipouliza ni nani ana ala nyumbani kwao, nilinyamaza. Mjomba wangu, kijijini karibu na mdomo wa Ruvuma, alikuwa mpiga ngoma hodari. Niliona haya kumtaja, kwa kuwa ngoma zake hazikuwamo katika picha.

Kosa langu nililitambua chuo kikuu. Huko nilisoma kwamba mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walitoa mgawanyo wa kufaa ala za dunia nzima. Mgawanyo wa okestra una kasoro: filimbi yake siku hizi hutengenezwa kwa madini, lakini bado huwekwa katika ukoo wa mbao! Wataalamu hao waliuliza jambo moja: ni kitu gani kinachotetemeka na kuzaa sauti? Wakapata koo nne: mwili wa ala yenyewe, ngozi, uzi, na hewa.

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo somo hili halikunipa taabu. Tafuta mama wa sauti, utaujua ukoo. Marimba na njuga za mguuni mwa mcheza sindimba hulia kwa mwili wake. Ngoma zetu ndogo zenye mguu uliochongoka, unaochomekwa ardhini, hulia kwa ngozi. Zeze ni ndugu wa fidla. Baragumu la pembe ni ndugu wa tarumbeta, maana yote mawili hulizwa na midomo ya mpulizaji.

Wageni walizithamini sauti hizi mapema. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha, Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala na fonografu, akanasa nyimbo za watu wa huku kwenye mitungi ya nta. Sauti za wazee wetu zikavuka bahari hadi Ujerumani.

Mimi sikuhitaji kuvuka bahari, wala sikuuliza. Mjomba alifariki nikiwa kazini mkoa wa mbali. Najua aliziota ngoma motoni ili ngozi ikaze. Sijui kila moja aliiitaje, ipi ilianza na ipi iliitikia, wala alichonga kwa mti gani.

Wadogo zetu, likizo ikifika mtarudi Msimbati, Kitaya, Mikindani na kwingineko. Chukueni daftari, gaweni ukurasa sehemu nne, kisha kaeni na wazee mwaulize. Wakati wao ni mfupi kuliko likizo zenu.