Thamani iliyopatikana

Thamani iliyopatikana (katika usimamizi wa miradi) ni sehemu ya bajeti inayolingana na kazi iliyokwisha kufanyika kweli hadi siku ya kupima. Hulinganishwa na thamani iliyopangwa, yaani bajeti ya kazi iliyopaswa kuwa tayari siku hiyo, na gharama halisi, yaani fedha zilizotumika kwa kazi iliyofanyika. Njia hii ilienea baada ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuwawekea wakandarasi wake vigezo 35 mwaka 1967.

Mfano wa hesabu

Tuseme shule moja katika kata ya Mzinga, Manispaa ya Morogoro, inajenga madarasa manne kwa miezi minne. Kila darasa limetengewa shilingi milioni 20, jumla milioni 80. Mwisho wa mwezi wa pili nusu ya kazi ilipaswa kuwa tayari, yaani milioni 40. Zimetumika milioni 40. Mtu akiangalia daftari la fedha tu, ataona mambo ni shwari.

Fundi anapopimwa, hata hivyo, kazi iliyokamilika ni asilimia 40. Thamani iliyopatikana ni milioni 32. Tofauti ya gharama ni 32 − 40, yaani pungufu ya milioni 8. Ratiba nayo imechelewa kwa kiasi hichohicho. Kipeo cha gharama ni 32 ÷ 40 = 0.8: kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 80.

Makadirio ya gharama ya mwisho

Mwendo huo ukiendelea, gharama ya mwisho ni 80 ÷ 0.8 = milioni 100. Upungufu wa milioni 20 ni bei ya darasa zima. Lakini kama hasara ilitokana na jambo la mara moja, mfano msingi uliobomolewa na mvua za masika, kazi iliyobaki huhesabiwa kwa bei ya awali: 40 + (80 − 32) = milioni 88. Kamati ndiyo inayopaswa kujua sababu kabla ya kuchagua kanuni. Ili kubaki ndani ya milioni 80, kipeo cha kazi iliyobaki kingepaswa kuwa 48 ÷ 40 = 1.2, jambo gumu kwa mradi uliokuwa ukienda kwa 0.8.

Mipaka

Saruji iliyo stoo si ukuta. Asilimia za kukisia huharibu hesabu yote, hivyo wengine huhesabu hatua ikiwa imekamilika tu.

Tena, mradi ukiisha thamani iliyopatikana hulingana na iliyopangwa, hata ukichelewa. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam–Morogoro iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017 kwa mkataba wa miezi 30, na ilianza kubeba abiria Juni 2024. Kipeo cha ratiba cha kifedha kwa mradi wa aina hiyo huishia kwenye 1. Kwa sababu hiyo Walter Lipke alipendekeza mwaka 2003 kupima ucheleweshaji kwa miezi badala ya fedha.