Mwarifu: Jina la Fundi Aliyekuta Uhalifu

Mpuliza filimbi ni istilahi mbaya, na ubaya wake hauishii masikioni. Imechukuliwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, ikaingia kwenye semina na miongozo ya maadili ya kazi, na kila inapofika humbebesha mtu wajibu ambao sheria haikumpa. Filimbi humwita kila mwenye masikio; refa huipuliza ili uwanja mzima usimame. Sasa mchukue fundi simu wa Mkiwa, pale njia ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya Dodoma na Singida. Kabadilisha kioo cha simu ya msafiri, kaiwasha, anajaribu tachi, spika, maiki na kamera. Anafungua picha iliyopigwa mwisho ili aone kama rangi zimekaa sawa, na kinachomtokea ni mtoto anayedhalilishwa. Akipuliza filimbi, yaani akiwaita majirani waje waone, au akiirusha picha ile kwenye kundi la WhatsApp ili mwovu aaibike, naye ametenda kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na hasira ya anayesambaza haimtoi hatiani. Istilahi iliyomfundisha kupuliza imemfikisha mahabusu, na mtoto yule amedhalilishwa mara ya pili.

Wapo waliokimbilia mfichuzi, na wanalitetea kwa ukali usiolingana na hoja zao. Neno hilo linamfaa mwandishi wa habari za uchunguzi. Kwa fundi ni la hatari kuliko filimbi, kwa sababu kufichua ni kuondoa kilichofunika: mfichuzi ameinua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Mteja aliyetoa nywila ili kioo kijaribiwe hakuruhusu meseji zake zisomwe. Simu ile ni amana, na ruhusa ya fundi inaishia pale kazi inapoishia. Sheria hiyohiyo ya 2015 inahesabu kuingia kwa makusudi na bila uhalali kwenye mfumo wa kompyuta kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelikazia jambo hilo. Marekani wamelionja tatizo lenyewe. Nyaraka zilizowekwa hadharani mwaka 2018 zilionyesha kwamba FBI ilikuwa imewalipa baadhi ya mafundi wa Geek Squad, kitengo cha matengenezo cha Best Buy, waliotoa habari za picha walizozikuta kwenye kompyuta za wateja. Fundi anayelipwa kwa kukuta ataanza kutafuta, na akianza kutafuta amekuwa askari asiye na hati ya upekuzi. Uingereza, mwaka 1997, mambo yalikwenda kwa njia iliyonyooka zaidi: mwanamuziki Gary Glitter alipeleka kompyuta yake kutengenezwa PC World huko Bristol, picha za watoto zikakutwa humo, polisi wakaarifiwa, na mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha miezi 4.

Wakaarifiwa: kitenzi hicho ndicho ninachokitetea. Kuarifu kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujua, na ukoo wake umejaa lugha yetu: maarifa, taarifa, maarufu, arifa. Kwa Kiarabu, arif ni mtu anayejua. Kwa Kiswahili, kuarifu ni kumjulisha mtu maalumu, kwa heshima na kwa mpangilio. Barua zetu za zamani zilimaliza salamu kwanza, ndipo zikasema “nakuarifu kwamba”. Hakuna aliyewahi kuuarifu umati. Kuarifu kunadai mwenye kuarifiwa, na hilo ndilo linalokosekana katika filimbi na katika ufichuzi. Unyambuaji wake nao hauna shida yoyote: kusafiri kumetupa msafiri, kuasi mwasi, kuamini mwamini, kuarifu kunatupa mwarifu. Mwarifu basi ni mtu aliyejua bila kupekua, akamjulisha anayestahili kujua.

Nitaambiwa kwamba serikali imekwisha kuamua, kwani sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watu hawa imezoeleka kuitwa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Mtoa taarifa ni jina lisilo na kosa, na halina uso pia. Msemaji wa wizara hutoa taarifa, kampuni ya maji hutoa taarifa, redio hutoa taarifa ya habari kila saa. Kamati iliyoridhika nalo ilitafuta neno ambalo halitamuudhi yeyote. Ajabu ni kwamba yaliyomo katika sheria yenyewe yako upande wangu: inataka uovu ufikishwe kwa mamlaka husika, kwa nia njema na kwa maslahi ya umma. Haitaji uwanja wala umati. Tangu mwaka 2021, sheria zetu zimepaswa kuwa kwa Kiswahili, na wakati wa kurekebisha jina ni huu, kabla halijagandia kwenye hukumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika vinywa vingi vya bara, r na l hubadilishana. Mhalifu husikika mharifu, na mtu mwema atakaribia kuitwa jina la mwovu. Silipuuzi. Lakini nchi hii imepiga kura tangu enzi ya ukoloni huku wengi wakitamka kula, na hakuna aliyependekeza tulifute neno kura. Muktadha hutenganisha. Isitoshe, mtaani fundi huyu tayari anaitwa mbea au mnoko, majina ambayo hayana utata wowote, na hayo ndiyo yanayomnyamazisha. Anahitaji jina ambalo mkewe anaweza kulitaja mbele ya majirani.

Kuhusu matumizi: asitafute zaidi ya alichokiona, asinakili, asifute, aizime simu, aandike saa na jina la aliyemkabidhi, aende polisi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kosa lenye adhabu chini ya Kanuni ya Adhabu amwarifu polisi bila kuchelewa, au mtu mwenye mamlaka katika eneo lake ambaye atazifikisha habari hizo kituoni. Maandishi yale ya saa na jina yana kazi yake. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani, ikiketi Dodoma, ilisisitiza kumbukumbu za mfululizo za kielelezo: kimechukuliwa wapi, nani alikishika, kikahamia kwa nani. Simu iliyozungushwa kibanda kizima ili kila mtu ajionee imeshapita mikono ambayo hakuna daftari litakaloitaja, na wakili wa mtuhumiwa ataanzia hapo.