Maua ya Pareto ya Wazee Wetu

Watoto waliozaliwa kambini wanajua Masisi ya ng'ombe tu. Lakini wazee wengi walioletwa kutoka Rwanda na Mission d'Immigration des Banyarwanda (MIB), kuanzia 1937 kule Gishari, walishika jembe kwenye mashamba ya Wazungu: kahawa, chai, na pareto, ile waliita pyrèthre. Vita ya pili ya dunia ilipokata maua ya Japani, dawa ya kuua wadudu ilitafutwa kwenye milima ya baridi, Kenya na kwetu. Ua linachumwa likiisha kufunguka, linakaushwa upesi. Likioza, dawa imepotea. Mimi naita hiyo ujuzi, si nguvu ya mikono tu. Mpaka 1955 walikuwa wamefika watu karibu 85,000. Mwanachama mwenye karatasi ya MIB ya babu yake asiitupe.