Mkeka wa msanii

Wadau, Ijumaa jioni mwenzangu mmoja, mwandishi wa kujitegemea kama mimi, alinionyesha mkeka wake wa mechi saba. Makala zake tatu zimeshatoka gazetini, malipo bado. "Bora huku," akaniambia, "hapa Jumapili usiku nitajua kama nimepata au nimekosa." Nikacheka. Kisha nikamkumbuka Marcel Duchamp.

Ni yule Mfaransa aliyepeleka choo cha kukojolea kwenye maonyesho ya sanaa New York mwaka 1917. Jina alikuwa nalo, pesa sasa! Aliwahi kufanya kazi maktaba na kufundisha Kifaransa ili aishi. Mwaka 1924 akabuni hati fungani za kukusanya mtaji wa kucheza ruleti, lile gurudumu la namba, huko Monte Carlo. Alipanga hati 30, kila moja faranga 500, gawio asilimia 20. Juu kuna picha yake iliyopigwa na Man Ray: uso umejaa povu, nywele zimesokotwa pembe mbili kama shetani! Utajiri haukuja. Mwaka 2010 hati moja iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 1. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1968.

Karibu miaka 100 baadaye, huko Denmark, msanii mwingine alicheza kamari ya namna yake. Mwaka 2021 makumbusho ya Kunsten, mjini Aalborg, ilimkopesha Jens Haaning noti zenye thamani ya krona zaidi ya 530,000. Alitakiwa azipange ndani ya fremu mbili, zionyeshe wastani wa kipato cha mwaka cha Mdenmark na cha Mwaustria. Fremu zilifika tupu. Kazi akaiita Take the Money and Run, yaani chukua pesa utimue mbio. Alidai ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba angetoa krona 25,000 mfukoni mwake ili kuikamilisha. Makumbusho ikazitundika hivyo hivyo, na mwaka 2023 mahakama ya Copenhagen ikaamuru arudishe krona 492,549. Akaachiwa 40,000 za ujira na gharama.

Pesa ya mkopo irudishwe, hapo simtetei. Ila zile 25,000 zinanisumbua. Kipato cha watu wawili kiko ukutani, na anayekitundika anatakiwa aongezee chake!

Mkeka wa mwenzangu ulichanika mechi ya nne. Makala hazijalipwa mpaka leo.