Chatu, Kanisa na Ngazi ya Viumbe: Utu wa Mtu Mweusi katika Usukuma

Fikra za kibaguzi za Ulaya ya karne ya 19 ziliwapanga viumbe katika ngazi: Mzungu juu, mnyama chini, na Mwafrika akasogezwa karibu na mnyama. Jibu la kwanza la waliodhalilishwa lilikuwa kukana ujirani huo: sisi ni watu, si wanyama. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo, ingawa ni la haki, linaiacha ngazi yenyewe imesimama.

Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Mafundisho ya kimisionari ya enzi hizo kwa jumla yaliziona ngoma na dawa za wenyeji kuwa ni upagani. Hata hivyo, Usukuma ulikuja kujulikana kwa vyama vya ngoma kama Bayeye, washika nyoka wenye ujuzi wa kutibu sumu, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Katika vyama hivyo, kumjua mnyama ni elimu yenye miiko na walimu wake.

Katika miaka ya 1950, Padre David Clement kutoka Quebec, Kanada, alianzisha kituo cha Bujora. Kanisa lake lilijengwa kwa umbo la duara kama nyumba ya mtemi, na altare ikapewa sura ya kiti cha enzi. Sherehe ya Bulabo ikafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi, na wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wakashindana hapo, wengine wakiwa na chatu. Tukio hili lina utata: kibali kilitoka kwa mgeni, ilhali elimu ilikuwa ya wenyeji.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Twasema “kiboko amezama” na “viboko wamezama”: umbo la nomino ni la ki-/vi-, lakini upatanisho ni ule wa mtu. Lugha hiyohiyo huuita ukatili wa binadamu “unyama”, ikimtwisha mnyama dhambi isiyo yake. Sarufi yaweka ujirani, msamiati waukana.

Mwaka 2000, James Cone, mwasisi wa teolojia ya watu weusi nchini Marekani, aliandika kwamba mantiki iliyozaa utumwa na ubaguzi ndiyo inayowanyonya wanyama na kuiharibu dunia. Usukuma unaipa hoja hiyo mfano hai. Mshika nyoka hapungukiwi utu kwa kuwa karibu na chatu. Heshima yake yatokana na ukaribu huo. Kwa hiyo, teolojia inayotetea utu wa mtu mweusi haina budi kuivunja ngazi, badala ya kudai tu kipago cha juu zaidi.