HISTORIA YA GARI LETU: KUTOKA KIRIKUU YA KWANZA HADI YA PILI



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu (2015–2025), nimeombwa niandike historia ya gari. Tuanzie mbali kidogo.

Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, na gari lilikuwa jambo la idara na mashirika. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, na pikapu zikaingia. Wakati wa Mzee Mwinyi (1985–1995) milango ilizidi kufunguka, hata magari ya mitumba ya Japani yakazoeleka. Wajapani hupita kushoto kama sisi, na usukani uko kulia. Tena kwao ukaguzi wa kila miaka miwili una gharama, hivyo wengi huliacha gari likiwa bado zima. Lililowachosha wao, sisi linatufaa.

Kabla ya 2018 mananasi yetu ya Kiwangwa yalikuwa yakingoja Fuso la mtu. Fuso lisipokuja, nanasi linaivia shambani na mchuuzi anajipangia bei. Mwaka huo tukanunua Suzuki Carry, yaani Kirikuu, iliyokwisha kutembea miaka mingi Dar es Salaam. Wapo waliotaka kadi iandikwe jina la mume wa mwanachama mmoja, eti kurahisisha mambo. Akina mama wakakataa, ikaandikwa jina la kikundi.

Kirikuu ni gari dogo, injini cc 660, na kule Japani imepangiwa mzigo wa kilo 350. Njia za shamba na safari za Buguruni ziliichosha. Kufika 2022 ilikuwa inakula oili, inatoa moshi, na bodi imeliwa na kutu. Daftari la mweka hazina likaonyesha kuwa fundi anachukua hela kuliko faida ya gari.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulikuwa mkali. Wengine walitaka injini ifanyiwe ovahoo. Wengine walitaka tuibadilishe na kuongezea hela. Shida ni kwamba hela hizo zilikuwa ndizo za mikopo ya ada za shule Januari. Tukakubaliana watoto kwanza, gari baadaye. Kura za kubadilisha zilikuwa 17, za kukataa 11.

Machi 2023 akina mama watatu na fundi wetu wakazunguka yadi. Dalali mmoja alisema letu ni chuma chakavu, akataja milioni 2 na nusu. Hawakubishana naye, wakaondoka. Yadi nyingine ililipokea kwa milioni 4, tukaongezea milioni 5 na laki 6, tukapata jingine la Japani ambalo halijakanyaga barabara za hapa. Kadi ilikuwa yetu, basi muhtasari wa kikao na sahihi za viongozi zikamaliza kazi. Jamani, tumeona kwa wenzetu gari likiondoka na mwenye jina!

Leo mananasi yanafika sokoni siku ya kuvunwa. Na kila safari tunaweka akiba kidogo, maana hili nalo litazeeka.



Mwenyekiti