Kamera Yako ya Kwanza Ilipangwa Kabla Uzaliwe

Siku hizi nikishuka stage ya Ruiru na begi la kamera mgongoni, hakosi kijana wa kuniuliza: "Bro, nianze na kamera gani?" Nikimwambia inategemea, naona ananuna. Anataka jina na namba, alipe, aende zake. Namwelewa. Mimi pia nilitaka jina na namba. Nikapewa, nikanunua, na mwishowe nikaaibika mbele ya ukoo mzima.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeosha magari wikendi za mwaka mzima pale Kamakis, nikaweka pesa hadi nikapata DSLR ya mkono wa pili pamoja na ile lenzi yake ya 18-55. Nikaifurahia wiki mbili tu. Kila video niliyotazama ilikuwa inasema hiyo lenzi ni takataka, nunua milimita 50 ya f/1.8 upate ule ukungu mtamu wa nyuma. Nikatafuta, nikapata ya zamani kwa bei poa. Muuzaji akaizungusha kwenye kamera yangu, ikalia "klik". Akasema, "Si umeona imeingia?" Kweli iliingia. Nikalipa.

Kesho yake tulikuwa na ruracio ya kazini wangu huko Makongeni, Thika. Shosho alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: picha yake nzuri ya kutundika sebuleni. Nikainua kamera, nikabonyeza, nikangoja lenzi ijivute. Wapi! Haikusonga hata kidogo. Nikagundua ni lazima nizungushe kwa mkono, na hiyo kitu sikuwa nimejifunza hata siku moja. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Zilizotoka safi zinahesabika kwa vidole, na ya Shosho haikuwa mojawapo. Sikio liko safi, uso umejaa ukungu.

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Lakini nilipoanza kusoma nielewe ni nini kilitokea, nikapata hadithi ambayo ilianza kabla hata mathe hajazaliwa.

Mwaka 1959 Nikon walitoa kamera inayoitwa Nikon F. Pale mbele, mahali lenzi inaposhikilia, kuna kile kipete cha chuma. Mimi nakiita mdomo wa kamera. Nikon waliamua kuushikilia mdomo huo miaka nenda miaka rudi, ili mteja asilazimike kutupa lenzi zake. Uamuzi wa heshima kabisa. Miaka ya 1980, kamera zilipoanza kulenga zenyewe, Nikon wakaweka mota ndani ya mwili wa kamera. Mota hiyo inazungusha lenzi kupitia kipini kidogo kama ncha ya bisibisi.

Canon wakaenda njia nyingine. Mwaka 1987 walitupa mdomo wao wa zamani, wakaleta mpya unaoitwa EF, na mota wakaiweka ndani ya lenzi yenyewe. Hebu fikiria wapiga picha waliokuwa na kabati zima la lenzi za Canon. Ghafla haziingii kwenye kamera mpya. Watu walikasirika, na walikuwa na haki.

Sasa songa mbele hadi 2006. Nikon wanatoa D40, kamera ndogo ya wanaoanza. Ili iwe nyepesi na ya bei ya chini, wanaondoa ile mota ya mwilini. Kamera za wanaoanza zilizofuata, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao, zikafuata mtindo huo. Mdomo ni ule ule wa 1959, kwa hivyo lenzi ya zamani inaingia na kulia "klik". Lakini hakuna wa kuizungusha. Kwa hivyo ukiwa na kamera hizo, tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, maana yake ina mota yake. Iliyoandikwa AF au AF-D utazungusha kwa mkono, ukiangalia kile kitone cha kijani kinachowaka chini ya kitazamio uso ukiwa sawa. Kwa Canon, lenzi yoyote ya EF yenye mota, hata ya 1987, italenga yenyewe kwenye DSLR yao yoyote. Wale waliokasirika 1987 ndio walikulipia raha hiyo.

Umeona? Mabishano ya mainjinia wa Japani ndiyo yaliamua kama Shosho atapata picha Makongeni.

Kuna mtego wa pili: megapikseli. Wasee wetu wanazihesabu kama mabao. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na Steve Sasson huko Kodak, 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilitoa picha nyeusi na nyeupe ya megapikseli 0.01, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak wakachukua mwili wa Nikon F3, wakaupa megapikseli 1.3, nayo ikawa DSLR ya kwanza kuuzwa madukani. Nikon D1 ya 1999 ilikuwa na 2.7 tu na wapiga picha wa magazeti waliifanyia kazi. Canon 300D ikaja 2003 na 6.3, na kwa mara ya kwanza DSLR ikashuka chini ya dola 1,000. Kufika 2012, Nikon D3200, kamera ya wanaoanza, tayari ilikuwa na 24.

Skrini ya simu nyingi inaonyesha kama megapikseli mbili hivi. Yaani kamera ya kuanzia ya 2012 ina karibu mara kumi na mbili ya kile mtu ataona akiscroll ndani ya matatu ya Thika Road. Ukiambiwa uongeze elfu kumi na tano upate megapikseli zaidi, hiyo doh peleka kwa lenzi, au kwa nauli ya kwenda kupiga picha Fourteen Falls.

Mtego wa tatu ni ile 50 yenyewe. Namba hizo zilizoeleka enzi za filamu ya milimita 35, ambayo fremu yake ni milimita 36 kwa 24, kipimo kilichoenea tangu kamera ya Leica ilipoingia sokoni 1925. DSLR nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo kuliko hiyo, kwa hivyo zinakata pembeni. Lenzi ya 50 kwenye Canon ndogo inaona kama 80, kwenye Nikon ndogo kama 75. Nje uwanjani ni tamu. Ndani ya bedsita ya Kihunguro utarudi nyuma hadi ugonge sufuria, na bado miguu ya mtu haijaingia kwenye picha. Kwa maisha yetu ya vyumba vidogo, 35 au 24 ina maana zaidi. Na ile 18-55 unayoambiwa ni takataka ina upana wote huo ndani yake. Udhaifu wake ni giza. Basi mpeleke mtu mlangoni, karibu na mwanga.

Najua kuna msee atasema, "Lakini vifaa vya bei ndogo ndivyo vinaturudisha nyuma." Wacha nikuambie kuhusu Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akaanza akiwa bado mwanafunzi na kamera aina ya Box Brownie ya mkono wa pili. Brownie ilikuwa kisanduku tu. Ya kwanza kabisa, ya 1900, iliuzwa dola moja, na hakukuwa na cha kuzungusha ili kulenga. Mwaka 1963, akiwa na miaka kama ishirini, Amin alianzisha kampuni yake, Camerapix, huko Dar es Salaam. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaonyeshwa na BBC, dunia ikaamka, na mwaka uliofuata tamasha la Live Aid likachangisha mamilioni. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono. Akapata mkono bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro.

Sisemi Brownie ndiyo ilimfanya Mo Amin, na baadaye alitumia vifaa vya nguvu kabisa. Ninachosema ni kwamba kisanduku hakikumzuia kuanza.

Na saa hii wewe una bahati ambayo yeye hakuwa nayo. Mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili walileta familia mpya za kamera kubwa zisizo na kioo ndani, kila moja na mdomo mpya. Tangu hapo wenye pesa wanahama, na DSLR zao zinashuka bei mtaani. Wengine wanaziita kamera zilizokufa. Mimi naona ni kama gari la Mjapani lililotua Mombasa: mwenyewe amelichoka, kwetu ndiyo linaanza maisha.

Kwa hivyo nikiulizwa tena pale stage, jibu langu ni maswali. Rafiki zako wana kamera ya mdomo gani, ili muazimane lenzi? Hiyo lenzi ina mota yake? Utapiga picha wapi, chumbani au uwanjani? Kisha ukifika dukani, usiridhike na "klik". Bonyeza, uone ikilenga. Mulika lenzi na tochi ya simu utafute ukungu wa fangasi ndani. Piga picha kumi, uzikuze kwenye skrini hadi kope zionekane.

Nilirudi kwa Shosho mwezi uliofuata, na ile 18-55 ya "takataka". Kabla sijatoa kamera alinionyesha picha yake ya 1974, iliyopigwa studio moja ya Thika mjini. Nyeusi na nyeupe, kila kifungo cha blauzi kinaonekana. Nikamuuliza walipiga ngapi. Akacheka: "Moja. Nani angelipia mbili?"

Nikamweka kwenye kiti mlangoni, saa kumi jioni, jua likiwa limelainika. Nilipiga nne. Moja iko ukutani sasa, kando ya ile ya 1974. Bado yao ni kali kuliko yangu, lakini anayekuja kwa Shosho anaonyeshwa zote mbili.

Wewe uko na kamera gani, na kwenu nani anakungoja umpige picha?